Sura ya Nne: Ruhusa ya Kufukua Mbegu

Mtoto wa miaka sita aliyekulia Njombe, Kahama au Kisii haingii darasani mikono mitupu. Msimu wa kupanda ameshatembea nyuma ya mama au bibi, mkubwa akipiga shimo kwa jembe, mdogo akidondosha punje mbili tatu na kuzifukia kwa unyayo. Anajua mahindi hayapandwi mpaka mvua zishike. Anajua kunguru na kuku ni adui wa mbegu. Na anajua amri moja isiyojadiliwa: kilichofukiwa hakifukuliwi. Atakachokiona tena ni majani ya kijani juu ya ardhi, na yote yaliyotokea kabla ya hapo yanabaki kuwa mambo ya udongo.

Shambani amri hiyo ni ya haki kabisa. Mbegu ni chakula cha nyumba nzima, na anayeifukua anachezea ugali wa mwaka. Darasa halina sababu ya kuirithi. Kikombe kimoja cha maharagwe kinawatosha watoto themanini kwa majuma mawili, na yakiharibika hakuna atakayelala njaa. Kwa hiyo nasema wazi, na sura nzima inasimama juu ya neno hili: kazi ya kwanza ya mwalimu wa chekechea, wa darasa la awali na wa madarasa ya chini ni kumpa mtoto ruhusa ambayo shamba haliwezi kumpa. Ruhusa ya kufukua, kupasua, kugeuza juu chini, kunyima maji, kufungia gizani, na kuona kitakachotokea kabla hajaambiwa.

Tumezoea kinyume chake. Mchoro wa mmea unabandikwa ukutani siku ya kwanza, mishale ikielekea kwenye mzizi, shina, jani na ua, na watoto wanaimba majina kwa pamoja mpaka kengele ilie. Baada ya wiki wanazitaja sehemu zote bila kukosea. Lakini waulize haragwe linatanguliza nini linapoota, na wengi watasema jani, kwa kuwa jani ndilo walilowahi kuliona likitoka. Mchoro haukuwasaidia kwa sababu unaonyesha mmea uliokwisha kukua.

Basi anza na maharagwe makavu. Chagua yaliyo makubwa, ya rosekoko au ya njano, yanayoshikika kwa vidole vidogo. Kila mtoto apewe mawili. Moja alitunze kavu, jingine alitumbukize kwenye chombo chenye maji, lilale humo usiku kucha. Kabla ya kulitumbukiza alichunguze: alikwaruze kwa kucha, alidondoshe mezani asikie mlio wake, atafute lile kovu dogo upande wa tumboni, mahali lilipokuwa limeshikamana na ganda la mama yake. Asubuhi ayaweke yote mawili kiganjani. Lililolala majini limenenepa, limelainika, na ukipata mizani ya duka mkapima konzi ya makavu na konzi ileile baada ya kulowa, mtaona uzito umekaribia kuwa maradufu.

Sasa walimenye. Ganda linavuka lenyewe, haragwe linafunguka vipande viwili, na katikati, limejikunja pembeni kabisa, kuna jambo ambalo watoto wengi hawakulitarajia: vijani viwili vyeupe, vyembamba, vyenye hata mishipa, na kando yake kincha kidogo kilichochongoka. Kelele zitakazofuata ni za haki yao. “Mwalimu, kuna majani ndani!” Waache wapige kelele, waoneshane, wafungue na ya wenzao. Jina la kitaalamu la kiinitete linaweza kungoja mpaka kesho. Mtoto aliyekiona kwa macho yake atalidaka jina mara moja, na aliyelikariri jina kabla ya kukiona hana pa kulibandika.

Baada ya hapo ndipo chupa zinapoingia. Chupa ya maji ya plastiki, ile inayotupwa kila kona ya mji, ikatwe katikati na mwalimu mwenyewe nyumbani, ukingo ulainishwe ili usikate vidole. Gazeti likunjwe na kuzungushwa ndani, likigusa ukuta wa chupa pande zote, na maji kidogo yamiminwe chini ili karatasi ibaki na unyevu. Maharagwe matatu yaliyoloweshwa yabanwe kati ya karatasi na plastiki, kila moja likilala upande wake: moja kovu likitazama juu, moja chini, moja ubavuni. Yawe matatu kwa sababu moja huenda lisiote, na kikundi ambacho haragwe lake pekee limekufa kitabaki kutazama ya wenzake.

Kabla chupa hazijapangwa dirishani, uliza: kitatoka nini kwanza, na kitaelekea wapi? Kila kikundi kiseme, nawe uandike ubaoni bila kusahihisha hata jibu moja. Hapa walimu wengi hushindwa kujizuia. Mtoto akisema mzizi utatoka juu kwa sababu haragwe lake limelala kichwa chini, ulimi wa mwalimu unawasha. Uzuie. Haragwe lenyewe litamjibu, na litamjibu vizuri kuliko sisi.

Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kwenye joto la pwani, mzizi hutokeza siku ya pili au ya tatu. Lushoto au Njombe wakati wa baridi unaweza kukawia wiki. Mwalimu wa nyanda za juu asikate tamaa wala asifuate kalenda ya kitabu kilichoandikwa kwingine. Ukishatokeza, watoto watagundua kwamba katika yale maharagwe matatu, hata lile lililolazwa kichwa chini, mzizi umejikunja na kushika njia ya chini. Hapo wape kitendo kinachofuata: iviringisheni chupa moja, ilale ubavuni, iachwe hivyo. Baada ya siku moja au mbili ncha ya mzizi imepinda tena kuifuata ardhi. Isimamisheni chupa, nayo ncha itapinda tena. Mzizi wenye kona mbili ni ushahidi ambao hakuna mtoto anayeusahau.

Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight aliyafunga maharagwe yanayoota kwenye gurudumu lililozungushwa na maji ya kijito, kwa kasi kubwa, mchana na usiku. Mizizi ikaelekea nje ya gurudumu na machipukizi yakaelekea katikati. Gurudumu lilikuwa limeipa mbegu mvuto mwingine mahali pa ule wa dunia, na mbegu ikaufuata. Leo tunajua kwamba katika ncha ya mzizi kuna seli zenye punje nzito za wanga. Punje hizo huzama upande ulio chini, na mzizi unajua hivyo pa kuelekea. Hili ni la mwalimu, alibebe kichwani ili asibabaike. Si la kumwambia mtoto wa miaka mitano.

Nasisitiza hivyo kwa sababu swali la “kwa nini” linapotoka kinywani mwa mwalimu mara nyingi hulifunga darasa. Jos Elstgeest, Mholanzi aliyefundisha ualimu hapa Tanzania, aliliandika jambo hili kwa uzuri katika kitabu cha sayansi ya shule za msingi kilichotoka 1985: swali zuri ni lile ambalo mtoto anaweza kulijibu kwa kufanya jambo. Umuulize mtoto “kwa nini mzizi unakwenda chini?” naye atakutazama usoni akitafuta jibu unalolitaka wewe. Umuulize “tukiilaza chupa, mzizi utafanyaje?” naye ataitazama chupa. Tofauti hiyo ya mahali anapotazama ndiyo ualimu wenyewe.

Wiki ya pili weka mahindi kando ya maharagwe, kwenye chupa za namna ileile. Haragwe linajitokeza kwa shingo iliyopinda, likivuta juu vile vipande viwili vinene, na shingo inapojinyoosha vipande vinakaa angani mithili ya mabawa. Hindi halifanyi hivyo. Linatoa mkuki mmoja uliochongoka, na punje yenyewe inabaki palepale chini. Kunde na choroko zinafuata haragwe. Mbaazi, ingawa ni jamaa yao wa karibu, inabakiza mbegu chini. Watoto wenyewe wapange mbegu za sokoni katika mafungu mawili, zinazopanda na zinazobaki, na kila Jumatatu wanaweza kuleta mbegu mpya kutoka jikoni kwa mama ili ijaribiwe.

Vile vipande viwili vya haragwe vina kazi gani? Jibu liko tayari darasani. Chagua miche minne inayolingana. Mmoja uuache ulivyo, mmoja uukate kipande kimoja, mmoja uukate vyote viwili mapema, wa nne uukate vyote viwili ukiwa umeshafungua majani na vipande vimeanza kusinyaa. Watazame kwa siku kumi. Mche ulionyang'anywa chakula mapema utadumaa, na ule wa nne hautajali sana. Hakuna mtoto atakayehitaji kuambiwa kwamba vile vipande vilikuwa ghala.

Kwa upande wa mahindi na ulezi tunayo zana ambayo vitabu vya Ulaya havina, nayo ni togwa. Mtoto wa Iringa, Songea au Morogoro amekunywa togwa, na huenda amemwona bibi akilowesha ulezi, akiufunika uote, akiuanika na kuusaga kuwa kimea. Leteni ulezi mkavu na kimea darasani, watoto waonje vyote viwili. Mmoja ni unga tu mdomoni, mwingine una utamu. Mbegu inapoamka, vimeng'enya vyake huvunja wanga kuwa sukari ili mche mchanga upate kula, na togwa ni chakula cha mche tulichokiwahi sisi. Somo la mimea, la chakula na la ustadi wa bibi zetu yanakutana katika kijiko kimoja cha kimea. Ningependa kila mtaala wa awali wa nchi zetu ukitaje kimea kwa jina.

Kuna zoezi moja ambalo naliona bora kuliko mengine yote, na ni rahisi kuliko yote. Uliza: mbegu ni kitu hai? Watoto hugawanyika. Wengi husema si hai, kwa kuwa haitembei, haili na haipumui. Basi pandeni kwa safu: haragwe bichi, haragwe lililochemshwa, punje ya hindi iliyochomwa, punje iliyopasuliwa kichwa, na mbegu nyingine ibaki kavu kwenye kikopo kisichotiwa maji. Mtoto akitaka kupanda kokoto, kifungo au pipi, apande. Usimcheke, wala wenzake wasimcheke. Anauliza swali la haki, na kifungo kitamjibu. Lililochemshwa litaoza. Lililobaki kavu litakaa kimya, na likitiwa maji wiki tatu baadaye litaota. Watoto watakuwa wametenganisha vitu vitatu ambavyo hata watu wazima huvichanganya: kilichokufa, kilicholala, na kile ambacho hakijawahi kuwa hai.

Ongeza hapo haragwe moja lililozamishwa kabisa chini ya maji mengi, lisitolewe. Darasani siku zote yupo mtoto anayependa mbegu yake hadi kuizamisha. Ile iliyozama itavimba, itanuka, haitaota, wakati ya jirani yenye unyevu tu inasonga mbele. Mbegu inahitaji hewa. Anayeona hivyo anaelewa kwa nini baba yake anachimba mifereji shamba linapotuama maji.

Giza nalo linahitaji mwalimu jasiri, kwa sababu mwanzoni linatoa jibu linaloonekana kuharibu somo. Vikopo viwili vya maharagwe, kimoja dirishani, kimoja ndani ya boksi lililofungwa. Baada ya wiki fungueni boksi. Miche ya gizani ni mirefu kuliko ya dirishani! Watoto watapiga makofi na kutangaza kwamba giza ndilo linalokuza mimea. Mwalimu aliyeahidi kwamba mimea inahitaji mwanga atatamani kulificha boksi. Asifanye hivyo. Aulize tu: mna lipi jingine la kusema juu yake? Wataona rangi ya njano iliyopauka, mashina membamba yasiyoweza kusimama, majani madogo yasiyofunguka. Lirudisheni boksi. Wiki chache mbele akiba ya mbegu itakuwa imekwisha, na miche ile mirefu italala chini na kufa. Urefu ule ulikuwa mbio za kuutafuta mwanga kabla chakula hakijaisha. Darasa lililopita njia hiyo limejifunza pia kwamba jibu la wiki ya kwanza linaweza kubatilishwa na wiki ya nne, na hilo ni somo la sayansi lisiloandikwa kwenye silabasi.

Toboeni tundu ubavuni mwa boksi jingine, mche utapinda kulifuata. Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha kitabu kizima juu ya mwendo wa mimea mwaka 1880. Walizivalisha ncha za miche ya nyasi kofia ndogo zisizopitisha mwanga, na miche ile haikupinda tena. Watoto wa darasa la pili au la tatu wanaweza kujaribu kofia hizo kwa karatasi ya fedha inayotoka kwenye pakiti za biskuti, juu ya miche ya mahindi. Si kila mara inafaulu. Ikifaulu, darasa limerudia jaribio la Darwin kwa takataka.

Swali kubwa kuliko yote huja lenyewe, kwa kawaida kutoka kwa mtoto mkimya: mmea unakula nini? Karibu wote watasema unakula udongo. Wazo hilo lina heshima yake. Wasomi wa Ulaya waliliamini kwa karne nyingi. Jan Baptist van Helmont, mtu wa Brussels, alipanda mche wa wilo wenye uzito wa ratili 5 katika chombo chenye ratili 200 za udongo uliokaushwa, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ukafika ratili 169. Udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua wakia mbili hivi, yaani kama gramu 57. Taarifa hiyo ilitoka 1648, baada ya kifo chake. Yeye alikata shauri kwamba mti wote umetokana na maji, akakosea, kwa kuwa hewa hakuihesabu. Mwaka 1779 ndipo Jan Ingenhousz alipoonesha kwamba sehemu za kijani za mmea hufanya kazi na hewa zinapopata mwanga.

Usanisinuru si mzigo wa chekechea. Lakini mtoto wa chekechea anaweza kabisa kuona kwamba haragwe lake limefungua majani juu ya gazeti lenye maji, bila chembe ya udongo, na kushangaa. Kisha aone limeanza kuchoka baada ya majuma kadhaa. Kisha apande mchicha kwenye makopo mawili, moja mchanga mtupu uliooshwa, jingine mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, aone tofauti ndani ya mwezi. Atabaki na mambo matatu yanayovutana: mmea haukuhitaji udongo ili kuanza, unaupenda udongo wenye mbolea, na hakuna anayeweza kumwonesha mahali udongo ulipopungua. Mwache nayo. Akifika darasa la tano na kuambiwa habari ya kabonidayoksaidi, atakuwa amelingoja jibu hilo miaka mitano.

Ningependa pia tuache kufundisha kana kwamba kila mmea hutoka kwenye mbegu. Sehemu kubwa ya tunachokula Afrika Mashariki inakana hivyo. Leteni pingili za muhogo, marando ya viazi vitamu, kitunguu kilichoanza kuchipua, chipukizi la mgomba lililong'olewa na kisu cha babu. Pingili moja ya muhogo ipandwe kichwa chini makusudi, muone machipukizi yakigeuka na kupanda juu. Pwani, Mafia au Kilwa, leteni nazi iliyoota: chipukizi limetokea kwenye jicho moja kati ya yale matatu, na mkiivunja mtakuta uwazi wa ndani umejazwa kitu cheupe cha mviringo, laini na kitamu, ambacho mche hukitumia kuinyonya nazi kutoka ndani. Watoto wa pwani hukigombania, na wana haki. Wale kwanza, wachore baadaye.

Na karanga. Waambie watoto wachore mmea wa karanga kabla hawajaupanda. Wengine wataning'iniza karanga matawini, wengine watazibandika kwenye mizizi. Pandeni kwenye ndoo yenye mchanga laini mwanzoni mwa muhula. Baada ya mwezi au zaidi kidogo ua la njano litatokea juu ya ardhi, litanyauka, na kutoka hapo kijiti kitashuka polepole hadi kuchoma udongo. Karanga inakua kwenye ncha ya kijiti hicho, humo gizani. Ni tunda linalojizika lenyewe. Mtoto wa Dodoma au Tabora ambaye familia yake imelima karanga vizazi na vizazi huenda hajawahi kukiona kijiti hicho kikishuka, kwa sababu wakati wa palizi aliambiwa asiguse.

Darasa la watoto themanini si kisingizio. Vikundi kumi vya watoto wanane, chupa kumi dirishani, kila mtoto na siku yake ya kutia maji. Wasiojua kuandika namba wapime kwa ukanda wa karatasi: kila siku iliyopangwa kikundi kikate ukanda wenye urefu sawa na mche, kiubandike ukutani kando ya ule wa jana. Baada ya wiki mbili ukuta una ngazi inayopanda, na hiyo ni grafu ya kwanza ya maisha yao. Michoro nayo ifanywe kila baada ya siku mbili, na mwalimu asikubali maua mekundu yenye tabasamu. Achukue mchoro, auweke kando ya chupa, aulize: mzizi huu mdogo wa pembeni uko wapi kwenye karatasi yako?

Ijumaa ndiyo siku ya hatari, maana chupa hukauka Jumamosi na Jumapili. Utambi wa kitambaa kutoka kwenye ndoo ya maji hadi kwenye karatasi unaokoa vingi. Panya hupenda mbegu zilizolowa. Fungeni chandarua kilichochakaa juu ya meza. Na mche ukifa ufanyiwe uchunguzi, usitupwe kimyakimya. “Mwalimu, langu limekufa.” “Pole mwanangu, lilete tulitazame. Unadhani lilikosa nini?”

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali. Mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi nyekundu, ya waridi, ya bluu au ya kijani zina dawa ya sumu. Zisiingie darasani kabisa. Tumieni za sokoni. Mbarika, mbono na zile punje nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa shanga zina sumu inayoweza kuua, zibaki nje. Maharagwe mabichi yasiliwe. Watoto wadogo hutia punje puani na masikioni, na punje ikilowa huko huvimba. Zigawiwe kwa kuhesabu na zirudishwe kwa kuhesabu.

Katika shule zetu nyingi jembe ni adhabu. Aliyechelewa analima, aliyepiga kelele anamwagilia, na bustani inakuwa mahali pa wakosaji. Haikukusudiwa hivyo. Friedrich Fröbel, aliyeanzisha chekechea ya kwanza Ujerumani mwaka 1840, alitaka kila mtoto awe na kitalu chake kidogo kando ya kitalu cha pamoja. Na Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunza: mbolea ielezwe darasani, kisha wanafunzi waone kwa macho yao inachoweza na isichoweza. Tulichukua jembe tukaacha kuona.

Tulikwisha kuwa na njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1960 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki mpango wa sayansi ya shule za msingi Afrika, uliotumia mbegu, wadudu, mchanga na vitu vya kuokota. Eleanor Duckworth, mwanafunzi wa Jean Piaget, alikuja kuupima nchini Kenya. Badala ya mtihani wa maandishi aliwaingiza watoto katika chumba chenye vitu vingi, akawaacha wafanye watakalo, akatazama. Waliopita katika mpango ule walibuni kazi nyingi zaidi na kuzifuatilia kwa kina zaidi kuliko wenzao. Kipimo hicho kingefaa kurudishwa leo, wakati mitaala mipya ya Kenya na Tanzania inazungumzia umahiri kila ukurasa huku mtoto akiendelea kupimwa kwa mchoro wenye mishale.

Mwalimu mkuu unayesoma haya, nakuomba mambo mawili. Iondoe bustani kwenye orodha ya adhabu kuanzia muhula huu, na uwape walimu wa madarasa ya chini dirisha moja lenye mwanga lisilozibwa na kabati. Mzazi, mpe mwanao konzi ya maharagwe na kona ya uwanja ambayo ni yake, ambayo hutamwambia asiifukue. Nawe mwalimu wa darasa, loweka mbegu Jumapili jioni, na Jumatatu asubuhi usianze na ubao.